Barua Ndani ya Jalada la Mabomba

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa daktari. Moyo umechoka. Alisema hivyo akitazama karatasi zake, si uso wangu, kama karani anayetafuta barua ambayo anajua haipo. Nikamwuliza umebaki muda gani. Akasema tusihesabu. Mtu akikukataza kuhesabu, hesabu yenyewe ni fupi.

Basi niandike.

Nilifanya kazi masjala miaka thelathini na saba. Kila karatasi iliyoingia idara ya elimu ilipita mezani petu, ikapewa namba, ikatiwa kwenye jalada lake. Kumi na tisa ya mwisho nilikuwa karani mkuu. Siku ya kustaafu, mkurugenzi alisimama mbele ya watu akasema kwamba chini ya ukuu wangu haikupotea karatasi hata moja. Makofi! Mke wangu alipiga makofi kuliko wote.

Ilipotea moja. Kwa hesabu kali mkurugenzi hakusema uongo, maana mwaka ule nilikuwa bado karani daraja la pili. Lakini siandiki hapa ili nijitetee.

Haikupotea. Niliipoteza. Ilikuwa barua ya kumteua mke wangu awe mkuu wa shule ya wasichana, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Ilikuja kwenye mkoba wa barua, ikatua mbele yangu. Tulikuwa na watoto watatu na mama yangu alikuwa kitandani, na hiyo ndiyo sababu ninayojipa kila mwaka. Sababu ya kweli ni wivu. Yeye mkuu wa shule, mimi karani daraja la pili! Nikaitia kwenye jalada la Matengenezo ya Uzio na Mabomba, nikalirudisha kabatini. Siku thelathini za kujibu zikapita. Nafasi akapewa mwingine. Makao makuu wakasema barua walituma. Ikasemekana imepotelea njiani. Tarishi, yule aliyekuwa akibeba mkoba kwa baiskeli, akaandikiwa onyo.

Mke wangu alilia siku tatu. Mimi ndiye niliyemchemshia chai.

Miaka arobaini na mmoja. Nataka ajue kabla sijafa. Hilo nimeliamua leo nikiwa ngazini kwa daktari, nikipumzika kila hatua ya pili. Namna ya kumwambia bado sijaiamua. Kumwambia kwataka kutazama uso, na uso ni wake.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu amenitoa nyumbani kwa nguvu. (Mwalimu ndiye mke wangu. Alifundisha hisabati, na hata watoto wetu walimwita hivyo.) Amesema nisikae dirishani kusubiri mauti kama msafiri anayesubiri gari, niende maktaba na ndugu yake, kuna darasa la wastaafu. Kompyuta! Kuandika programu kwa lugha iitwayo Python.

Ndugu yake ni Mpima. Alipima ardhi maisha yake yote na hadi leo akiingia chumbani huangalia pembe za kuta. Shemeji yangu, na mtani wangu, na adhabu yangu. Amekaa safu ya mbele. Nimekaa nyuma yake ili nisimwone akinitazama. Amegeuka kila dakika.

Mkutubi ndiye anayefundisha. Mwanamke wa makamo, sauti ya chini, kalamu mbili masikioni, moja kila upande. Amesema kwamba programu huweka mambo ndani ya vigeu, na kigeu ni kama kisanduku chenye jina. Jina hubandikwa nje, thamani hukaa ndani. Ndani unaweza kubadilisha wakati wowote.

Moyo wangu mchovu uliruka. Hii ni masjala! Lebo nje, karatasi ndani. Nimezaliwa kwa ajili ya jambo hili.

Hapo hapo likanijia wazo. Barua ya kuungama yaweza kuonekana kabla ya wakati. Mdomo wahitaji uso. Lakini programu husubiri! Nitaandika programu itakayouliza: Je, nimezikwa? Mwalimu akijibu ndiyo, itamwonyesha kila kitu. Mimi nitakuwa chini, na maiti haulizwi swali na mkewe. Walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, kiniumbue, ila niwe nimeshaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Fedheha.

Nimeandika kigeu changu cha kwanza kwa utaratibu uliokubalika wa masjala: namba ya idara, mkwaju, namba ya kabati, mkwaju, herufi ya droo. 4/12/B. Halafu alama ya sawasawa, halafu thamani. Mashine ikatoa maandishi mekundu.

Mkutubi akaja, akainama. Akanieleza taratibu kwamba mkwaju kwa mashine ni alama ya kugawanya, hivyo inadhani nataka nne igawanywe kwa kumi na mbili, na jibu ligawanywe kwa B. Miaka thelathini na saba nikipanga nyaraka za serikali, na mashine inadhani nilikuwa nikigawanya!

Nikaondoa mikwaju. 412B. Wekundu tena. Jina halianzi na tarakimu, akasema. Nikaweka kistari cha kati. Wekundu: kumbe kile ni cha kutoa. Nikaandika kwa maneno, barua ya uteuzi, kwa nafasi katikati kama mtu mstaarabu. Wekundu. Nafasi haziruhusiwi, unganisha kwa mstari wa chini.

Mpima akageuka kiti kizima. Akaniuliza kwa sauti ya darasa zima kama masjala yetu ilikuwa na wekundu mwingi hivi, au kama ndiyo sababu watu walikuwa wakisubiri barua zao hadi wanaota mvi. Watu wakacheka. Mimi nilihisi kitu kikipita kifuani. Hajui alichokisema. Nikamjibu kwamba ardhi aliyoipima yeye ndiyo ile ambayo majirani wake bado wako mahakamani. Wakacheka zaidi. Nilishinda, nadhani. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kama niliyelima.

Ijumaa, 7 Machi

Nafanya mazoezi nyumbani kwa kompyuta kuukuu ya binti yetu. Njama ya siri yataka kinga. Nimefunika skrini kwa taulo, kichwa changu kikiwa ndani. Kuna joto humo.

Mwalimu amepita mara mbili. Mara ya tatu akasimama. Akasema kwa utulivu kwamba kwa umri wangu, na kwa hali ya moyo wangu, yako mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyatazama. Akaondoka. Nilibaki chini ya taulo. Miaka hamsini ya ndoa! Na sikuweza kujitetea, maana ukweli ulikuwa mbaya kuliko alichodhani.

Jioni ile ile, nikiwa na hasira, nimefanya kosa jingine. Kuna amri iitwayo print, inayoonyesha maneno kwenye skrini. Nikaona ni neno zuri, fupi, limekaa tu. Nikakiita kisanduku changu jina hilo, nikaweka ndani maneno ya kuonyeshwa. Tangu hapo mashine imekataa kuonyesha chochote. Naipa amri, inanitazama.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimpigia Mkutubi simu. Alicheka, halafu akaomba radhi kwa kucheka. Amesema yako majina ambayo tayari yana mwenyewe, nikilichukua mojawapo kwa kisanduku changu, mwenyewe anapotea na kazi yake inalala. Nifute tu mstari ule, niwashe upya.

Kwa bahati mbaya Mpima alikuwa amekuja kumsalimia dada yake, akasikia. Akaenda jikoni kumwambia kwamba mimi nimemfukuza mwenye nyumba nikalala kitandani mwake. Nikamsikia Mwalimu akicheka. Hajacheka hivyo tangu siku ya daktari. Nilikaa nikasikiliza hadi kicheko kikaisha.

Jumanne, 11 Machi

Nimebuni njia salama. Vigeu vyangu nimeviita a, b, c, d, e. Kimoja tu nimekiita nimezikwa, maana ndicho mlango. Hata Mwalimu akiifungua programu kabla ya wakati, hataambulia kitu. Nilimwambia Mkutubi kwamba ni hadithi ya kubuni kuhusu karani fulani wa zamani.

Akasoma. Akavuta kiti. Akaniuliza a ni nani. Nikasema ni mtu. B je? Ni kitu. C? Nikasema, mwanangu, mimi nakumbuka.

Akachomoa kalamu moja sikioni. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba njia nzima hadi hapa. Akasema, mzee wangu, jina la kigeu si lako wewe unayekumbuka. Ni la atakayekuja kusoma siku ambayo wewe hupo. Jina limwambie mgeni kilichomo ndani bila ya kukuuliza.

Siku ambayo wewe hupo. Aliisema hivi hivi, kama mtu anayesema kesho.

Halafu akaharibu yote. Akaonyesha darasa kazi ya Mpima kuwa mfano. Programu ya kuhesabu uzio wa kiwanja! urefu_wa_uzio, upana_wa_lango. Akasema tazameni, hata asiyejua kupima ataelewa. Mpima akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Mimi, niliyeandika lebo elfu tisa kwa mkono wangu, sijawahi kuona lebo yenye majivuno kama upana_wa_lango.

Haitapita wiki, nitamshinda.

Alhamisi, 13 Machi

Nilifanya kazi jana kutwa, tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, nikipumzika kila kigeu. Lebo halisi. Hivi hapa, ninavinakili kwa sababu ni vizuri:

mke_niliyemficha_barua
barua_ya_uteuzi_wake
jalada_nilimoificha
wivu_wangu
mwenye_kosa
miaka_ya_kunyamaza

Ndani ya kila kimoja niliweka ukweli wake. Uzio na Mabomba. Wivu, kumi kwa kumi. Mwenye kosa, mimi. Nilipomaliza nilikaa nikavisoma kimya, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nilipumua hadi chini. Ilikuwa kazi safi. Herufi ndogo, mstari wa chini mahali pake, hakuna neno la ziada.

Leo Mkutubi amesoma. Kalamu moja ikaanguka toka sikioni mwake. Akasema hajaona majina ya namna hii, kwamba yanasimulia yenyewe, kwamba karani wa kubuni niliyemtunga anatia huruma na hasira kwa pamoja. Anatia huruma! Nikataka aseme tena. Akaniambia mbele ya wote kwamba Jumamosi, siku ya maonyesho, programu yangu ndiyo itakayooneshwa ukutani iwe mfano wa majina bora. Kila mwanafunzi aje na mtu mmoja wa nyumbani.

Mpima aliuma mdomo. Nilimwona. Nilikubali kabla hajamaliza kuuma.

Nimefika nyumbani ndipo nikaelewa nilichokubali. Mtu wangu wa nyumbani ni mmoja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiria kukataa. Nikamwona Mpima akipandishwa mahali pangu na lango lake. Siwezi.

Nimefikiria kubadilisha majina. Lakini majina ndiyo yaliyosifiwa! Nikiyaharibu, natuzwa kwa lipi?

Nimepata. Lebo zibaki kama zilivyo, ndani nibadilishe. Si Mkutubi mwenyewe alisema ndani hubadilika wakati wowote? Mwalimu ataona maneno yanayotoka ukutani, hadithi ya barua iliyopotezwa na tarishi fulani, basi. Nimeondoa pia swali la kuzikwa, halifai mbele ya wageni. Mke: "mwalimu fulani". Barua: "ilipotelea njiani". Jalada: "mkoba wa tarishi". Wivu: sifuri. Mwenye kosa: "tarishi". Miaka ya kunyamaza nimeiacha arobaini na moja. Tarakimu haimdhuru mtu.

Kuhusu tarishi niandike neno. Alikuwa mtu mwema. Mvua au jua, mkoba haukuwahi kulowa, aliuvalisha koti lake yeye mwenyewe akalowa. Onyo lile lilikaa kwenye jalada lake mpaka alipokufa. Mazikoni nilisoma wasifu wake kwa niaba ya ofisi. Nilimsifu vizuri sana. Leo nimempa kosa langu kwa mara ya pili, na mkono umeandika bila kusita. Hilo ndilo limenitisha kidogo.

Lakini ni kwa siku moja tu. Jumapili nitarudisha "mimi" mahali pa "tarishi".

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Viti arobaini. Mwalimu amekaa safu ya pili, mkoba magotini, miwani ya kusomea. Alikuwa amevaa viatu vya siku za mitihani. Aliniambia njiani kwamba anajivuna nami. Nilisingizia pumzi, nikatazama barabara.

Mpima akatangulia. Uzio wa kiwanja chake ukajumlishwa, watu wakapiga makofi ya kawaida.

Kisha mimi. Projekta ikamulika ukuta. Na hapo Mkutubi akatangaza desturi yake, ambayo hakuitaja hata siku moja darasani! Akasema jina bora hupimwa hivi: anachukua kipande cha boksi, anakiweka mbele ya taa, upande wa kulia wote unafunikwa. Thamani hazionekani. Yanabaki majina peke yake. Wageni wasome majina, wakisie programu inahusu nini. Wakikisia vyema, mwandishi amefaulu.

Nilisimama. Watu wakanigeukia, nikakaa.

Majina sita, ukutani, kila herufi kubwa kama mkono wangu. Watu wakasoma kwa midomo. Mtu mmoja nyuma akasema ni habari za posta. Mkutubi akasema karibu. Mpima alikuwa anatabasamu, halafu akasoma tena mstari wa kwanza, halafu akaacha kutabasamu.

Mwalimu akanyoosha mkono. Kama mwanafunzi! Akasimama, akavua miwani, akasema inahusu mwanamume aliyemficha mkewe barua ya uteuzi, akaitia ndani ya jalada, kwa wivu, kisha akanyamaza miaka.

Mkutubi akapiga makofi kwa furaha. Sawasawa kabisa, mama! Hakuacha hata kimoja! Akaondoa boksi. Thamani zikatokea: mkoba wa tarishi, wivu sifuri, mwenye kosa tarishi. Ukumbi ukacheka. Walidhani ni kichekesho nilichokipanga, karani mwongo ambaye lebo zake zinamsuta. Waliinuka kunipigia makofi.

Mwalimu alibaki amesimama. Akauliza, kwa ile sauti yake ya ubaoni, kwamba majina na yaliyomo yakipingana, msomaji aamini lipi. Mkutubi akafikiri. Akasema, mama, yaliyomo hubadilishwa kwa sekunde moja, lakini jina ndilo linaloonyesha mwandishi alikuwa akiwaza nini.

Mwalimu akasema asante. Akatazama ukuta mara moja tena. Arobaini na moja. Nilimwona akitoa mwaka kwa mwaka, midomo ikisogea, akafika mwaka ule wa barua. Akakaa.

Nimepewa cheti. "Majina Bora ya Vigeu." Nilikipokea kwa mikono miwili, nikainama.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbili hajasema nami ila maneno matatu: dawa, chakula, mlango.

Chakula kinakuja kwa wakati. Dawa zinahesabiwa. Mto wangu unageuzwa. Ni utunzaji kamili, usio na mtu ndani yake.

Jana nilijaribu kuzidiwa. Nilishika kifua nikaguna. Akaja na kile kifaa cha kupima shinikizo la damu, akanivalisha, akasoma, akaandika kwenye daftari la daktari, akaondoka. Lilikuwa zuri kuliko la wiki iliyopita. Moyo wangu haunisaidii hata siku ninapouhitaji.

Leo alikuja Mpima. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani, nina majibu manne tayari. Hakutania. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akatazama pembe za chumba. Kisha akasema, shemeji, mwaka ule dada alinituma nikampimie ile shule. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepata kazi. Nilikwenda kwa likizo yangu nikamchorea ramani ya eneo zima, akaniambia ataweka wapi maabara, ataweka wapi kisima. Alikwishadokezwa na wakubwa kwamba nafasi ni yake, alingoja karatasi tu.

Nikamwuliza ramani iko wapi. Akasema muulize mwenyewe.

Akainuka. Mlangoni akasema kwamba hatanitania tena. Akasema utani ni wa watu wanaodaiana mambo madogo.

Nilitaka kumwomba arudi anitukane.

Jumatano, 19 Machi

Ameongea.

Alileta kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya kitanda, akakaa umbali wa mtu anayesahihisha mtihani. Akasema miaka ishirini na tano baada ya pale aliwafundisha watoto wa watu kwamba kitu kikipotea njiani, usisimame kukililia, endelea na hesabu inayofuata. Akasema alikuwa akijifundisha mwenyewe. Akasema sasa anajua kwamba hakikupotea njiani, kilikuwa hatua mia nane kutoka jikoni kwake, ndani ya kabati la chuma, na mtu aliyekiweka alikuwa akimnywesha chai.

Nikasema yote nimeyaandika kwenye programu.

Akasema ameisoma. Ukuta mzima ameusoma, mbele ya watu arobaini.

Nikasema basi hakuna jipya la kuongeza.

Hapo akainama mbele. Baba watoto, akasema, mimi sijaolewa na ukuta. Nataka kinywa chako. Kila kitu kwa jina lake: mimi, wewe, barua, jalada, wivu. Na tarishi wa watu umtoe humo. Uniambie mimi, nikiwa nimekaa hapa, ukinitazama.

Nikamwuliza nikishasema atanijibu nini. Akasema hajui. Ndiyo maana anataka kusikia, ili ajue. Akasema huenda akasamehe na huenda asisamehe, lakini hawezi kumsamehe mtu ambaye hajajitokeza.

Tumekubaliana Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi. Alinipa siku mbili nijiandae, kwa sababu ya moyo. Hata katika hili alinihesabia.

La kuvunda halina ubani. Nitasema. Nimeamua. Niandike kwa herufi kubwa ili nisirudi nyuma: NITASEMA.

Ijumaa, 21 Machi

Pumzi ni fupi leo. Sentensi zitakuwa fupi.

Jana nilifanya mazoezi mbele ya kioo. "Mwalimu, ile barua niliificha." Nilifika "ile barua". Mara kumi na moja. Neno la mwisho linakwama, na uso ulio kwenye kioo hausaidii.

Lakini sikukata tamaa! Nilimpigia Mkutubi. Nikamwuliza, kijuujuu tu, kama programu ya Python inaweza kusema kwa sauti. Inaweza! Unaongeza mistari mitatu, mashine inasoma kila kilichomo ndani ya kisanduku, neno kwa neno, bila kukwama. Kuna sauti za kuchagua. Nimechagua ya kiume, ya makamo, yenye heshima. Inafanana na mimi siku za ukarani mkuu.

Mwalimu alitaka kinywa. Hiki ni kinywa. Nitakuwa nimekaa, nitamtazama kama alivyotaka, na kompyuta itakuwa chini ya shuka, magotini, sauti ikitokea upande wangu. Midomo nitaichezesha. Ukweli wote umerudi mahali pake. Tarishi nimemtoa. Mwenye kosa ni mimi. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, na hilo ni jambo ambalo hawezi kulikataa.

Amekwisha kuja. Amekaa kwenye kile kiti, mikono magotini, hana miwani. Chai yake ameiweka sakafuni, haijaguswa, haitoi tena mvuke. Ameniita mara moja, Baba watoto. Nikasema naja. Ameniita mara ya pili, polepole zaidi, akaniuliza kama nina maumivu, kama nataka anishike mkono ndipo niseme.

Mkono umenyooshwa. Uko hapo hapo, juu ya shuka.

Nimemwambia asubiri kidogo. Kuna kigeu cha sauti, bado sijakipa jina, na sitaki kulipua kazi.